Thomasin na Saa Zake Mbili

Siku Thomasin alipoangusha jagi la kanisa, kaka yangu Gervase hakugomba, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika. Gervase ni mfinyanzi, mwana wa mfinyanzi. Ukivunja chombo chake, hata kama ni paka kakusukuma, lazima akuambie neno. Siku ile alivitazama vigae sakafuni, akamtazama mke wake, kisha akainama kuviokota mwenyewe.

"Mkono umeniacha," Thomasin akasema. Aliuinua mbele ya uso wake, kiganja kikaning'inia kama jani lililopigwa na jua. "Naviambia vidole shikeni, havinisikii."

"Vimefuata tabia ya mwenyewe," nikamwambia. "Wewe lini uliwahi kumsikia mtu?"

Akacheka kidogo. Hivyo ndivyo tulivyoishi mimi na wifi yangu tangu aletwe kwetu Cleyford, kutaniana mchana na kugombania blanketi usiku wa baridi Gervase anapolala kando ya tanuri. Mimi ni Petronel. Sikuolewa, na kazi yangu ilikuwa kupeleka vyombo masokoni kwa punda. Gervase alifinyanga na kuchoma. Thomasin alirithi kazi ya mama yetu: kutwanga mawe ya madini ya risasi, kuyachekecha mpaka yawe vumbi laini kuliko unga wa mkate, kisha kuvinyunyizia vyungu vibichi vumbi lile ili vitoke tanurini vinang'aa. Nyumba zote za Cleyford zilifanya vivyo hivyo. Chungu kisichong'aa nani atakinunua?

Kabla ya mkono lilianza tumbo. Lilimkata kwa ndani, likamnyonga, likaachia, likarudi tena. Chakula hakikuingia na kilichoingia hakikutoka. Uso uligeuka rangi ya majivu. Mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika kabla hata hajaanza kuonekana, na sasa watu walianza kumtazama kwa jicho lile la kumpima mtu urefu wa jeneza.

Dawa hazikukosekana, maana kwetu kila mtu ni tabibu. Mke wa mhunzi alileta minyoo ya ardhini iliyochemshwa ndani ya pombe ya shayiri. Mwingine akaja na majani ya pakanga yaliyopondwa na siagi, yapakwe kitovuni. Bibi mmoja alimtazama kwa muda mrefu, akafunga mlango kwanza, ndipo akanong'ona kwamba hilo ni jicho la mtu. Thomasin alikunywa vyote, akapakwa vyote, akatapika vyote.

Gervase yeye aliamini kalenda. Ilitundikwa karibu na meko, ile ya kurasa chache inayouzwa sokoni kila mwaka mpya, na ndani yake yumo mtu aliyesimama uchi, wanyama wa nyota wamemganda mwilini: Kondoo kichwani, Fahali shingoni, Nge pale pasipotajwa mbele za watu, Samaki chini ya nyayo. Kila kiungo na mwenyewe. Mwezi ukipita kwa mwenyewe, kiungo kile hakiguswi, si kwa kisu wala kwa dawa.

"Leo haiwezekani," Gervase akasema, kidole juu ya ukurasa. "Mwezi uko kwa Mwanamwali, na Mwanamwali ndiye mwenye matumbo. Ukinywa dawa ya kuharisha leo utakufa."

"Na nisipokunywa?"

"Subiri mwezi uhame."

"Basi mwambie huyo Mwanamwali aje alale na hili tumbo yeye," Thomasin akasema, akajikunja ukutani. "Mimi nimechoka kumtunzia."

Mwezi ulihama, dawa ikanywewa, na hali ikawa mbaya zaidi. Ndipo nikasema sasa basi, tunakwenda kwa Bwana Quarrie.

Bwana Lambert Quarrie alikuwa mnajimu na tabibu kwa pamoja, aliyekaa Ambersley, mji wa soko, orofa ya juu ya duka la mtengeneza matandiko ya farasi. Watu walimwendea kwa kila kitu, ng'ombe aliyepotea, mume aliyekwenda vitani, jipu kwapani. Tulimkuta ameketi katikati ya karatasi zake na paka amelala juu ya karatasi zenyewe. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua. Alipiga chafya kabla hata hajatukaribisha.

"Bwana," Thomasin akamwambia, "na hayo mafua nyota zinasemaje?"

"Zinasema nivumilie," akajibu, akajifuta pua, akanyoosha mkono apokee chupa ya mkojo tuliyomletea. Nilimpenda hapo hapo.

Aliuinua mkojo dirishani, akauzungusha, akaunusa, akauweka chini. Kisha akauliza, "Ulizaliwa lini?"

Thomasin akamtajia siku, maana ilikuwa ni mkesha wa sikukuu moja ya mtakatifu na kwao walikuwa wakiitaja kila mwaka.

"Saa?"

"Sijui, Bwana. Nilikuwepo, lakini sikuwa nimefumbua macho vizuri."

Hakucheka. "Mkojo unaniambia ulichokunywa jana, Bi Thomasin. Saa ya kuzaliwa inaniambia mwili wako umeumbwa kwa baridi au kwa moto, na ni nyota gani iliyokuwa ikichungulia pale ulipolia mara ya kwanza. Nikikupa dawa ya moto kwa mwili wa moto, nimekuwasha kama kuni. Nenda ukaulize. Mama yako?"

"Amekufa."

"Basi mtu mwingine aliyekuwepo. Mama wa mtoto huwa na kazi nyingine saa ile, hatazami mbingu. Tafuta aliyekuwa amesimama."

Tulimwachia bakuli la kijani kwa ujira wake, tukarudi. Njiani nilimwona Thomasin juu ya punda amenyooka, macho yanawaka. Tumbo lilikuwa lilelile, lakini kulikuwa na kitu kingine sasa.

"Wifi," akaniambia, "si ajabu? Najua siku aliyozaliwa huyu punda, tena kabla ya chakula cha mchana. Yangu mwenyewe siijui."

Baba yake, Mzee Tobias Crake, alikaa ng'ambo ya kijito. Zamani alichunga kondoo, uzeeni akafuga nyuki. Tulimkuta anasuka mzinga wa majani makavu.

"Baba, nilizaliwa saa ngapi?"

"Nani anataka kujua?"

"Nyota."

"Zilikuwepo. Ziulize zenyewe."

"Baba!"

Akaendelea kusuka. "Alfajiri," akasema hatimaye. "Nyota ya asubuhi ilikuwa juu ya paa la ghala. Nilikubeba ndani ya kofia yangu ya sufu, ulivyokuwa mdogo, nikakutoa mlangoni nikuonyeshe. Hukuitazama. Ulipiga mwayo."

Nilidhani kazi imekwisha. Lakini tulipovuka kijito kurudi, Thomasin akasimama katikati ya mawe. "Shangazi Averil huniita mtoto wa saa ya kukamua. Tangu utotoni. Nani anakamua alfajiri na nyota bado juu?"

"Wapo wanaokamua."

"Kwa shangazi hakuna. Kwake ng'ombe hulala kuliko watu."

Kwa hiyo ilibidi twende Netherwick, upande wa pili wa vilima, kwenye malisho. Gervase alinung'unika kwamba ni majira ya kuchoma tanuri kubwa, nani atachekecha? Nikamwambia vumbi lililopo linatosha, na lisipotosha achekeche mwenyewe, ana mikono. Tulitoka na vyungu mgongoni mwa punda na Thomasin juu ya vyungu.

Shangazi Averil, dada yake Mzee Tobias, alikuwa mwanamke mkubwa, mtengeneza jibini, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Alimkumbatia Thomasin, akamsukuma amtazame, akamkumbatia tena.

"Umekuwa mfupa, mwanangu! Huyo mfinyanzi anakulisha udongo?"

Tuliketi chumba cha jibini, mahali penye baridi nzuri na harufu ya maziwa yaliyoganda. Thomasin akauliza swali lake.

"Jioni," shangazi akajibu bila kufikiri. "Ng'ombe wanalia kukamuliwa na hakuna wa kuwakamua, kwa sababu mimi nimekushika wewe, unateleza kama samaki."

"Baba anasema alfajiri."

"Tobias? Tobias anajua nini, alikuwa..." Akakatiza hapo. Shangazi Averil kukatiza maneno ni jambo ambalo sikuwahi kuliona wala sikuliona tena. "Amesema alfajiri?"

"Anasema alinibeba mlangoni ndani ya kofia akanionyesha nyota."

Shangazi alikuwa anakamua kitambaa cha jibini. Akakiweka chini taratibu, maji meupe yakimchuruzika viganjani.

"Basi hajakuambia," akasema. "Mpaka umekuwa mtu mzima, hajakuambia. Thomasin, mlikuwa wawili."

Thomasin akakisogeza kigoda chake karibu naye.

Wa kwanza alitoka alfajiri, shangazi akasema. Baba alimbeba, akamwonyesha nyota, akaenda kwa kondoo wake akijua kazi imekwisha. Uchungu ukarudi. Ulichukua kutwa nzima, mama amechoka hata kulia hawezi, na jioni ng'ombe wakilia ndipo akatoka wa pili. Wasichana wote wawili, wamefanana kama punje mbili za shayiri. Wakawabatiza haraka pale pale, kwa hofu. Wa alfajiri aliitwa Thomasin, wa jioni akaitwa Emmot.

"Tulimfunga wa kwanza uzi mwekundu wa sufu mkononi, tusichanganye. Baadaye wote wawili wakashikwa na homa. Tukawavua, tukawaosha, nyumba imejaa wanawake kila mmoja anatoa amri, uzi ukatoka. Kulipokucha mmoja alikuwa amekufa."

"Yupi?"

"Ndiyo hiyo, mwanangu."

Shangazi alijifuta mikono kwenye aproni, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Tulikuwa tumesimama kama magogo. Hakuna aliyejua. Mama yako, aliyekuwa anaweweseka kwa homa, akafumbua macho, akamtazama aliyebaki, akasema, 'Huyu ni Thomasin.' Hakuna aliyembishia. Ungembishia wewe? Tukamzika Emmot, kama alikuwa Emmot, na mama yako akatukataza kulitaja."

Nilimtazama wifi yangu nikidhani atalia. Hakulia. Alikuwa na sura ya mtu aliyefungua kabati lake mwenyewe akakuta ngazi ndani.

"Kwa hiyo huenda mimi ni Emmot," akasema.

"Huenda."

"Na nimelivaa jina la marehemu maisha yangu yote."

"Umelivaa vizuri," shangazi akasema, na yeye ndiye aliyelia.

Jua lilipoelekea kuzama nilimfuata Thomasin kondeni, kati ya majani yaliyokatwa. Alikuwa amesimama peke yake, akiita kwa sauti ndogo, "Emmot! Emmot!" kama mtu anayemtafuta kuku.

"Vipi," nikamuuliza, "kuna aliyeitika?"

"Hakuna." Akafikiri. "Lakini nimemwita na Thomasin pia, naye hakuitika."

Tulikusudia kurudi asubuhi yake, ila shangazi alikuwa ameteguka mguu na majani ya ng'ombe yako chini, mvua inaweza kuja wakati wowote. Tukabaki kumsaidia. Mwanzoni Thomasin hakuweza kushika reki, akawa anapeleka chakula kondeni tu. Kisha akaanza kula. Mkate wa shayiri na jibini, maharage, supu ya maji ya maziwa ambayo shangazi aliiapia kwamba inafufua maiti. Tumbo lilifunguka, nasi tukaimba kwa furaha kama watu wanaosherehekea mavuno, jambo ambalo alitutukania vibaya sana. Rangi ikamrudia mashavuni. Na majani ya mwisho yalipopandishwa ghalani, aliishika reki mwenyewe, kwa vidole vyote.

"Supu," akasema shangazi.

"Mwezi," nikasema mimi, maana ulikuwa umeandama vizuri.

Thomasin alikuwa anavikunja na kuvikunjua vidole vyake.

Tulirudi Cleyford tukiwa tunacheka. Gervase alitoka mbio akamkumbatia mkewe mbele za watu, jambo lisilo kawaida yake. Lakini tanuri kubwa lilikuwa linangoja, na vyungu vibichi vimepangana mpaka mlangoni. Thomasin akafunga kilemba, akaingia chumba cha kuchekechea. Hazikupita siku nyingi tumbo likamshika. Alikaa kwenye ngazi ya tanuri amejikunja, majivu yamemrudi usoni.

Gervase alisimama mbele yake, mikono imejaa udongo. Alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia huwa hachagui maneno.

"Kwa shangazi yako ulikuwa mzima."

"Ndiyo."

"Hapa unaumwa."

"Unaniona."

"Basi unaumwa nini, Thomasin? Unaumwa mimi?"

Akaondoka bila kungoja jibu. Nilitaka kumfuata nimwambie neno, lakini Thomasin akanishika gauni.

"Mwache. Ameuliza swali zuri, ila amelijibu haraka." Macho yalikuwa yanawaka kama yalivyowaka siku ile juu ya punda. "Hebu nisaidie, wifi. Kule kuna nini ambacho hapa hakuna? Au hapa kuna nini?"

"Kule kuna jibini."

"Hapa pia tunanunua."

"Maji?"

"Kijito ni kilekile, kinaanzia kule."

"Mume," nikasema. "Tofauti kubwa ni mume."

"Nyamaza, ninaumwa nikicheka."

Siku ya soko tukapanda tena ngazi za Bwana Quarrie. Mafua yalikuwa yamemtoka puani yakamwingia kifuani. Thomasin alipomsimulia habari ya pacha na saa zile mbili, alimsukuma paka akasimama wima.

"Mbili!" akasema. "Mbili, na hakuna ajuaye!" Alifurahi waziwazi, kisha akaona haya. "Samahani. Ni msiba, najua. Lakini walimu wangu wamebishana juu ya mapacha tangu enzi, na hakuna hata mmoja aliyeletewa pacha asiyejua ni yupi."

Alichora nyumba za nyota mara mbili, karatasi mbili kando kwa kando, miraba ndani ya miraba. Tulimngoja. Alipiga hesabu, akafuta, akatikisa kichwa.

"Tazameni. Ukiwa wa alfajiri, sayari ya Zohali ilikuwa inachomoza pamoja nawe. Huyo ni mzee wa baridi na ukavu; hukaza matumbo na kulegeza viungo. Dawa yake ni tangawizi, divai, joto. Ukiwa wa jioni, Zohali yuko mbali, aliyekushika ni Mirihi, naye ni moto mtupu. Dawa yake ni tango na maji ya shayiri." Akaketi. "Bi Thomasin, kwa saa ya alfajiri nikupe tangawizi na kwa ya jioni nikupe tango. Nikikosea nakuua. Sitakudanganya, sijui."

"Nipe vyote viwili," Thomasin akasema, "vigombane humo ndani, atakayeshinda tutamjua."

"Ningekuwa tapeli ningefanya hivyo." Akakohoa. "Lakini kuna jambo moja lisilodhuru. Ugonjwa wako unafanana na wa Zohali. Basi ishi kama uliyezaliwa alfajiri: jiepushe na vitu vyake vyote, tuone. Usivae nguo nyeusi. Usikae makaburini wala kwenye mashimo. Usile nyama ya mnyama mzee. Usiguse risasi, maana hiyo ndiyo madini yake. Usi—"

"Risasi?" tukasema mimi na wifi kwa pamoja.

"Kila sayari ina madini yake. Dhahabu ya jua, fedha ya mwezi, risasi ya Zohali. Nzito, ya kijivu, baridi. Kwa nini?"

"Mimi huichekecha," Thomasin akasema. "Kila wiki ya kuchoma. Naivuta puani, naila na mkate."

Bwana Quarrie alikuwa hajui. Alijua kwetu ni wafinyanzi, alidhani Thomasin kazi yake ni kuuza kama mimi. Akauchukua ule mkono uliolegea, akaugeuza. Akamwambia fungua mdomo, akamsogeza dirishani, akatazama meno. Nami nikachungulia. Kando ya ufizi kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu, kama uliochorwa kwa wino.

"Huu ulikuwepo kwa shangazi?"

"Nani humtazama mtu ufizi?" nikajibu. "Farasi, labda."

"Huko ulichekecha?"

"Huko kulikuwa na majani na ng'ombe."

Mnajimu akaketi tena, karatasi zote mbili mkononi, akimtazama Thomasin kana kwamba huyo ndiye aliyemsomea yeye nyota. "Sasa sijui," akasema polepole, "kama nyota ndiyo iliyokwambia ukweli, au wewe ndiye uliyeiambia nyota."

"Mimi naona tumekutana njiani," Thomasin akasema.

Ugomvi ulikuwa nyumbani. Gervase alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, kisha akatikisa kichwa.

"Babu alipaka risasi. Baba alipaka risasi. Cleyford nzima inapaka. Mbona hawafi?"

"Mama alikufa," nikasema.

"Mama alikuwa na tumbo la ukoo. Wanawake wote wa nyumba hii wana tumbo la..." Akasita.

"Malizia," nikamwambia. "Tumbo la ukoo gani? Mama hakuzaliwa kwetu. Bibi hakuzaliwa kwetu. Thomasin ni wa akina Crake. Wote waliolewa hapa, Gervase, na wote walipewa lile chekecheo. Mimi niliyezaliwa hapa mbona sina? Kwa sababu kifua changu kilikataa vumbi nikiwa mtoto, nikapewa punda. Mikono ya mama unaikumbuka?"

Alikumbuka. Mama yetu mwishoni tulimlisha kwa kijiko, viganja vimemlegea mapajani kama glavu tupu. Tulikuwa tunamwambia ni uzee. Hakuwa mzee.

Gervase akainuka, akatoka nje. Nilimsikia akipasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Aliporudi alilichukua lile chekecheo, akalitundika upande wake.

"Nitachekecha mimi," akasema. "Mimi nimezaliwa kwa Simba. Risasi haitaniweza."

Simba hakufika mbali. Tanuri la pili tu, nilimkuta kaka yangu kalala kifudifudi kwenye udongo wa baridi, anamwita mama yake. Thomasin, aliyekuwa ameanza kupata nafuu, akachuchumaa kando yake, akamfuta jasho.

"Mwezi uko kwa nani leo, mume wangu?"

"Usinicheke."

"Sicheki. Nauliza kama naruhusiwa kukupa dawa."

"Nipe chochote," akasema, na akamshika mkono ule ule uliomwangushia jagi. "Haki ya Mungu, hivi ndivyo ulivyokuwa unahisi? Wakati wote ule?"

"Hivi, na kazi juu yake."

Tangu hapo hatukuchekecha tena ndani ya nyumba. Tulijaribu hili na lile: risasi ikaloweshwa iwe uji, ikapakwa kwa manyoya ya bata, nje, upepo ukiwa mgongoni, vitambaa puani. Na tukagundua kwamba wauza siagi hawajali chungu king'ae au kising'ae, mradi kisivuje. Tukawafinyangia wao zaidi. Majirani walituita wafinyanzi wa vyungu vya matope. Biashara haikunona, lakini hatukulala njaa, na Gervase alinona yeye mwenyewe.

Majira ya majani kupukutika, Mzee Tobias alikuja bila kuitwa, kofia mkononi. Shangazi Averil alikuwa amemtumia maneno makali. Hakumsalimu mtu, alimwambia tu binti yake, "Njoo nikuonyeshe." Wakaenda upande wa kaskazini wa kanisa, ambako watoto wachanga huzikwa bila jiwe, nami nikawafuata kwa nyuma. Akaonyesha mahali karibu na ukuta, majani tu.

"Yule niliyembeba alfajiri ndiye niliyemjua," akasema. "Wa pili sikuwahi kumshika akiwa na nguvu. Basi kila nikikutazama najiuliza, huyu ndiye aliyepiga mwayo, au yule yuko hapa? Sikuweza kukwambia. Ningekwambia nini? Kwamba sijui wewe ni nani?"

Thomasin alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye majani. Kisha akainuka, akamshika baba yake mkono.

"Unanijua vya kutosha, Baba. Aliyelala hapa tumwite kwa majina yote mawili, na mimi nitabaki na lile mama alilonipa."

Tukadhani atatulia baada ya hapo. Hakutulia. Wakati wa baridi, kazi inapopungua, alianza kuzunguka nyumba za wafinyanzi, akiniburuta na mimi. Swali lake lilikuwa moja: nani hapa huchekecha, na tumbo lake likoje? Pengine tulifungiwa mlango. Pengine walituambia twende tukasomee nyota zetu wenyewe, tusiwaletee laana kwenye tanuri. Bwana Quarrie alimwomba ampelekee kila atakachosikia, hata kisichofaa, na hasa saa za kuzaliwa. Alikuwa bado anaiamini ile karatasi ya alfajiri.

Katika nyumba ya mwisho njiani alikaa bibi yule aliyefunga mlango na kunong'ona habari ya jicho la mtu. Alifungua robo tu, akatutazama mmoja mmoja.

"Nasikia mnatazama watu vinywa kama wanunuzi wa farasi."

"Ndiyo, bibi," Thomasin akasema. "Tukikuudhi tutaondoka."

Bibi akafikiri. Mikono yake, niliona, ilikuwa imelegea ndani ya shali.

"Mimi na dada zangu sote tulichekecha," akasema. "Nimebaki mimi." Akausukuma mlango kwa bega, akatoka kizingitini kwenye mwanga, akainua uso, akafungua kinywa.